Jiji kujiunga na mtandao wa kusaidiana maji: sahihi ni nyepesi, mzigo uko kwingine

Hoja ya jiji kujiunga na WARN, mtandao unaowaunganisha watoa huduma za maji na majitaka nchini Marekani ili wasaidiane wakati wa dharura, kwa kawaida hupita barazani bila kelele. Mara nyingi hakuna ada ya kujiunga, hakuna mwanachama anayelazimishwa kutuma msaada, na diwani atakayepinga ataonekana anawanyima majirani maji. Mimi pia ningeipigia kura ya ndiyo. Ila sababu zangu si zile zinazosemwa sana, na hofu niliyo nayo haizungumzwi kabisa.

Kinachosifiwa ni ujirani mwema. Huo ulikuwepo kabla ya mkataba wowote: bomba kuu likipasuka usiku, meneja humpigia mwenzake wa mji wa pili na katapila huja. Panapokwama ni baadaye. Fundi aliyeazimwa akivunjika mguu ndani ya shimo, nani analipia matibabu? Saa za ziada zinahesabiwa kwa kiwango cha jiji gani? Jenereta ikirudi imeungua, nani ananunua nyingine? Mkataba wa WARN huyamaliza hayo mapema, watu wakiwa bado wametulia. Mfanyakazi hubaki chini ya mwajiri wake na fidia yake ya kazini, aliyeomba msaada hurudisha gharama, na aliyetoa anaweza kuwaita watu wake nyumbani mambo yakichacha kwake. Kwa ufupi, ni hati ya kuwatuliza wanasheria, na sisemi hivyo kwa dharau. Saa ya kwanza ya dharura ni ghali mno kuitumia kubishania vifungu.

Kuna faida nyingine isiyoonekana haraka. Mkataba wa kusaidiana baina ya majimbo, EMAC, ulioidhinishwa na bunge la Marekani mwaka 1996, husubiri gavana atangaze hali ya dharura. WARN hufanya kazi ndani ya jimbo na haihitaji tamko la mtu yeyote. Pampu iliyokufa ni dharura kubwa kwa mji wa watu elfu tatu, lakini hakuna gavana atakayeitisha waandishi wa habari kwa ajili yake.

Upande wa pili unaanzia kwenye pesa. Janga likitangazwa kitaifa, FEMA, shirika la serikali kuu ya Marekani la kushughulikia maafa, inaweza kurudisha angalau asilimia 75 ya gharama zinazokubalika. Lisipotangazwa, bili yote ni ya aliyeomba. Kwa hiyo mji mdogo unaweza kuwa mwanachama halali na bado ukaogopa kunyanyua simu. Marekani ina takriban mifumo 50,000 ya maji ya jamii, na mingi kati yake inahudumia watu wasiozidi 3,300. Baadhi ina fundi mmoja au wawili tu. Mji kama huo utawaazima wenzake nini? Mkono mtupu haulambwi, na ingawa mkataba hauweki sharti la kulipiza fadhila, binadamu huhesabu. Baada ya miaka kadhaa, diwani wa jiji kubwa atauliza kwa nini magari yao ndiyo yanayotoka kila mara. Si swali la uchoyo. Yule anayelipa ankara za maji za jiji hilo ana haki ya kujibiwa.

Halafu kuna majanga yasiyochagua. Februari 2021 baridi kali iliikumba Texas nzima: umeme ulikatika, mabomba yalipasuka, na watu zaidi ya milioni 12 wakakosa maji au wakaambiwa wayachemshe kwanza. Jimbo lilikuwa na mtandao wake wa WARN, lakini jirani uliyekuwa unamtegemea naye alikuwa ameganda. Mtandao huu uliundwa kwa kudhani kwamba maafa yana ukingo, kwamba upo upande mkavu ambako msaada utatoka. Kwa tetemeko la ardhi au kimbunga kinachopita ukanda mmoja, dhana hiyo inafaa. Kwa baridi au ukame wa jimbo zima, haifai kitu.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ni Jackson, Mississippi. Mwishoni mwa Agosti 2022, baada ya Mto Pearl kufurika, kiwanda kikuu cha kusafisha maji cha O.B. Curtis kilizidiwa na jiji la watu takriban 150,000 likabaki bila maji ya kutosha hata ya vyooni. Wataalamu wa majimbo mengine walikuja na msukumo wa maji ukarudi. Lakini mafuriko yalikuta mgonjwa tayari kitandani. Tangazo la kuchemsha maji lilikuwa na takriban mwezi mzima, na waendeshaji wenye leseni walikuwa wachache kwa miaka. Fundi wa kuazimwa huziba pengo la wiki kadhaa. Hawezi kuziba la miaka ishirini. Kabla ya mwaka kwisha, mahakama ya shirikisho ilikabidhi mfumo ule kwa msimamizi wa nje. Baraza linalopunguza vipuri na nafasi za kazi kwa kuwa "tuna majirani" linatembea njia hiyo hiyo, tofauti ni kwamba lina karatasi mkononi.

Je, hofu hiyo inatosha kukataa? Hapana. Kukataa hakumpi mtu hata pampu moja ya ziada. Inatosha, lakini, kudai kwamba hoja isiletwe peke yake. Ije na orodha ya vifaa ambavyo jiji linaweza kuvitoa bila kujiumiza, akiba ya kulipia msaada usiorudishwa na FEMA, na jina la ofisa mwenye mamlaka ya kuomba msaada saa nane usiku bila kumwamsha meya.

Na ije na vipimo. California ilianzisha mtandao wake, wa kwanza wa aina hii, baada ya tetemeko la Loma Prieta la 1989 na moto wa vilima vya Oakland wa Oktoba 1991 ulioua watu 25. Siku ya moto ule umeme ulikatika, pampu zikazimika na matangi ya mlimani yakakauka. Wazima moto wa miji mingine walipofika, walikuta midomo ya mabomba ya Oakland ina inchi tatu huku mipira yao ikiwa ya inchi mbili na nusu. Baltimore ilikuwa imepatwa na jambo hilo hilo mwaka 1904, wakati vikosi vya Washington na Philadelphia vilipowasili na mipira isiyoshika. Kati ya visa hivyo viwili ilipita miaka 87. Kwa hiyo kabla ya kura, ningemwomba mhandisi wa jiji alete barazani kiungio kimoja cha jenereta yake na kimoja cha jirani, avijaribishe pale mezani.