Mikono Mitano Katika Sentensi Moja

Wanafunzi watano wa kidato cha tatu walifungua hati moja ya Google Docs, kila mmoja kwenye kompyuta yake, kila kielekezi na rangi yake. Insha ilihusu mafuriko. Sentensi ya kwanza ilifutwa mara nne kabla haijafika kwenye nukta. Binti aliyeianzisha, mkimya wa kiti cha nyuma, aliondoa mikono kwenye kibodi, akaikunja, na hakugusa kitu mpaka kengele ikalia.

Kipindi kile kilinikosesha raha, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikizipigia debe hati za pamoja mbele ya walimu wenzangu. Bado nazipigia debe. Ila nimebadili mawazo kuhusu zitumike wakati gani, na nani awe na ruhusa ya kufuta nini.

Faida yake kubwa sioni ikitajwa sana. Daftari humwonyesha mwalimu insha iliyokwisha kuiva. Jinsi ilivyopikwa haoni. Hati ya mtandaoni hutunza matoleo ya nyuma, na mwalimu anaweza kurudi kuona nani aliongeza nini, saa ngapi, na nini kilitolewa. Katika insha moja niliona mwanafunzi ameandika "mvua ilinyesha sana". Akafuta, akaandika "mvua ilinyesha kwa wingi". Akafuta tena: "mvua haikutupa hata nafasi ya kuanua nguo." Kwenye daftari ningeiona ile ya tatu tu, nikaipa alama na kupita, nisijue kwamba mtoto huyu ameshajifunza jambo gumu kuliko yote katika uandishi, yaani kutoridhika na sentensi yake mwenyewe.

Faida ya pili ni ubishi. Mmoja aliandika "magari zilisombwa". Mwenzake akamwekea maoni pembeni: magari ya-, si zi-. Wa tatu akauliza mbona nyumbani kwao kila mtu husema "gari zilisombwa" na anaeleweka. Wakaendelea hivyo kwa maoni tisa, wakafika wenyewe kwenye tofauti ya "gari zi-" na "magari ya-". Nimefundisha ngeli kwa miaka mingi ubaoni, na sikumbuki somo lililowakaa vichwani kama lile.

Wapo wanaosema hati hizi zimemaliza tatizo la wategaji, wale wanaobebwa katika kazi za kikundi, kwa kuwa jina la kila mwandishi linaonekana. Hapo siendi nao mpaka mwisho. Aliyesema kwa mdomo "tuanze na bibi akiwa juu ya paa" ameipa insha uhai wake wote, na katika kumbukumbu za hati hana hata herufi moja. Mwenye vidole vyepesi ndiye anayeonekana mchapakazi.

Hoja ya mtihani nayo ni nzito. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne, mtahiniwa anakaa peke yake na kalamu yake, na hakuna rafiki wa kumwekea maoni pembeni. Mwanafunzi aliyezoea sentensi zake zimaliziwe na wengine atakwama pale. Wanaoipuuza hoja hii wakisema mtihani usiongoze elimu wanasahau kwamba mzazi aliyelipa ada anayasubiri matokeo hayohayo.

Kuhusu vifaa nitasema kwa ufupi, maana kila mwalimu anayajua: kompyuta kumi na mbili, wanafunzi arobaini na kitu, umeme wa kubahatisha, bando linaloisha katikati ya aya. Kuna Etherpad, programu ya bure ya kuandika hati kwa pamoja iliyoanza 2008, inayoweza kuwekwa kwenye kompyuta moja ya shule na nyingine zikaunganishwa nayo kwa mtandao wa ndani, bila intaneti. Tena wanafunzi hawalazimiki kufungua akaunti, jambo la kuangalia tangu Tanzania itunge Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Linaloniuma zaidi ni ile mistari myekundu ambayo programu iliyopangwa kwa Kiingereza huichora chini ya maneno sahihi ya Kiswahili, mpaka mtoto anaanza kulitilia shaka neno alilonyonya kwa mama yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia hati, kwa Kiswahili tangu 2004. Miaka yote hiyo, na bado shule nyingi hazijui hata kubadili lugha ya kusahihisha tahajia.

Lakini narudi kwa yule binti, kwa sababu kilichomkuta hakitibiwi na kompyuta zaidi. Sisi tuna desturi ndefu ya kutunga kwa pamoja. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na washairi wa Lamu karne mbili zilizopita, na kurasa za mashairi za magazeti yetu zimeendeleza malumbano hayo kwa miongo mingi. Anayejibu hufuata vina na mizani ya mwenzake, humpinga, humkejeli, humzidi. Lakini hafuti ubeti wa mwenzake. Ubeti hubaki na mwenyewe, na jibu hubaki na mwenyewe. Hati ya pamoja, ikiachwa wazi kwa wote, inaivunja adabu hiyo. Sauti tano zinasagwa kuwa moja, na mara nyingi inayobaki ni ya aliye jasiri, wala si ya aliye na la kusema.

Siku hizi insha ya kwanza wanaiandika daftarini, kila mtu peke yake, kimya. Kisha kila mmoja anaichapa kwenye hati yake, na wenzake wanaingia kwa ruhusa ya kupendekeza tu. Mwenye insha ndiye anayekubali au kukataa, na akikataa lazima aandike sababu. Inachukua vipindi vitatu badala ya kimoja, na mtaala haunipi vipindi hivyo. Navichota kwenye muda wa marudio.

Yule binti aliandika upya kuhusu mafuriko: "Maji yaliingia ndani bila hodi." Wawili walimpendekezea "Maji yaliingia ndani kwa kasi." Alikataa yote mawili, na pembeni akaandika: "Maji ya kwetu Jangwani hayana kasi. Yanapanda taratibu usiku, unashtuka godoro limelowa."