Saa ya mapigo ya moyo ina siku yake

Wakimbiaji wengi wenye saa za kupima mapigo ya moyo huzitazama siku isiyo yake. Siku ya mbio za kasi macho hayabanduki mkononi. Siku ya kukimbia taratibu, ambayo ndiyo saa ingewafaa, wanafuata kundi na namba wanaziangalia wakishafika nyumbani. Ubishi unaorudi kila mara kwenye vikundi vya jogingi, wengine wakisema kifaa hiki ni lazima na wengine wakisema ni urembo wa wenye pesa, kwa maoni yangu unaanzia hapo.

Wanaokitetea wana hoja nzito. Zamani mkimbiaji aliyetaka kujua mapigo yake alisimama, akaweka vidole shingoni na kuhesabu. Akishasimama tu, moyo nao umeshaanza kushuka. Mwaka 1982 kampuni ya Polar ya Finland ilitoa mkanda wa kifuani unaorusha namba hadi kwenye saa bila waya, na tangu hapo kocha anaweza kuona kile ambacho mwanafunzi wake anakificha. Kinachofichwa zaidi ni kwamba mazoezi mepesi si mepesi. Mtafiti Stephen Seiler, aliyechunguza wanamichezo wa kiwango cha juu katika mbio ndefu na michezo mingine ya pumzi, alikuta takriban asilimia 80 ya mazoezi yao ni ya taratibu. Kwetu huku mambo yamegeuzwa. Jumamosi alfajiri kundi linatoka kwa soga, kilomita ya pili mmoja anaongeza mwendo, hakuna anayetaka kuachwa, na ndani ya robo saa soga imekwisha na kila mtu anahema. Mbio hiyo ni nzito mno kuwa ya kupumzisha mwili na ni ya polepole mno kuwa ya kujenga kasi, na ndiyo mbio ambayo wengi wetu tunaikimbia wiki nzima.

Wapinzani hujibu kwa neno moja: Iten. Mji ule wa Kenya uko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, umetoa mabingwa kwa miongo mingi, na wengi wao walikua bila mkanda wala saa. Ni kweli. Lakini angalia mabingwa wa Kenya wanavyokimbia siku nyepesi. Eliud Kipchoge alishinda marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2:01:09, yaani dakika 2 na sekunde 52 kwa kila kilomita, na bado siku ya taratibu wanariadha wa ngazi yake huanza kwa mwendo ambao mgeni wa kawaida anaweza kuwafuata. Nidhamu hiyo wameipata kwa kukimbia miaka mingi ubavuni mwa waliowatangulia. Mhasibu wa Dar es Salaam aliyeanza mazoezi mwaka jana ana kundi la kumvuta tu, hana la kumzuia. Kwake yeye saa inafanya kazi ya yule mkubwa anayesema, “Tulia kwanza.”

Hata kipimo mashuhuri cha kujisikia, ambacho mtu anataja mwenyewe zoezi ni zito kiasi gani kwake, kilitokana na moyo. Gunnar Borg wa Sweden alipopanga ngazi za uzito wa zoezi kuanzia 6 hadi 20, alizipanga hivyo ili ukizidisha kwa kumi ukaribie mapigo ya mtu mzima mwenye afya: ngazi ya 13, mapigo kama 130. Kusikiliza mwili na kupima moyo havigombani.

Ugomvi wangu mimi ni na namba zinazowekwa ndani ya saa. Nyingi huanza na hesabu ya 220 kutoa umri, inayokadiria kilele, yaani mapigo ya juu kabisa ambayo moyo unaweza kufikia, na iliyoenea baada ya mwaka 1971 kutoka kwa Samuel Fox na wenzake, waliokusanya matokeo ya tafiti za wengine na kuchora mstari wa jumla. Haikukusudiwa kumpangia mtu mmoja mazoezi, na ni kawaida kumkosea mtu kwa mapigo 10 au 12, wengine zaidi. Chukua mama wa miaka 45 ambaye moyo wake unafika 190 akikimbia kwa nguvu zote, na asubuhi kitandani unapiga 55. Saa inamhesabia kilele cha 175 na kumwambia mbio nyepesi, asilimia 60 hadi 70, ni mapigo 105 hadi 122. Akitumia njia ya Karvonen, inayochukua asilimia ya nafasi iliyopo kati ya mapigo ya kupumzika na kilele chake halisi, kisha kujumlisha mapigo ya kupumzika, asilimia zilezile zinakuwa 136 hadi 149. Mama huyo akiitii saa atatembea tu, atakata tamaa, na kosa si lake.

Kisha kuna joto la pwani. Februari, unyevu ukiwa umejaa hewani, damu nyingi inakwenda kwenye ngozi kupoza mwili, jasho linapunguza maji, na moyo unaongeza mapigo hata kama mwendo ni uleule. Baada ya dakika arobaini namba inapanda yenyewe. Hapo ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, endelea, hata saa ikipiga kelele. Anayetumia dawa za presha za aina ya propranolo au atenololo aiweke pembeni kabisa hesabu ya umri, maana dawa hizo zinashusha mapigo. Aongee na daktari wake.

Siku ya kasi kifaa kinazidi kupwaya. Ukikimbia mita 400 kwa nguvu, moyo unachelewa kupanda, na unapofika pale ulipotarajia, kipande kimekwisha. Saa za mkononi, zinazosoma damu kwa taa za kijani, zina tatizo jingine: mkono ukitikisika na mkanda wa saa ukiwa umelegea, zinaweza kuhesabu hatua zako badala ya moyo. Ukiona 175 isiyopanda wala kushuka huku unapiga soga, hizo ni hatua. Mkanda wa kifuani, unaosoma umeme wa moyo wenyewe, ni wa kuaminika zaidi, na mara nyingi ni wa bei nafuu kuliko saa mpya.

Kwa hiyo ninaipa saa siku za taratibu, kwa kilele ulichokipima mwenyewe mlimani ukiwa mzima wa afya, na siku za kasi ninamwachia kocha na pumzi. Mlima ndani ya mashindano nauhesabu tofauti. Kilimanjaro Marathon kule Moshi ina mpando mrefu wa kuelekea Mweka katika nusu ya pili, na pale dakika kwa kilomita hazina maana yoyote. Anayeng'ang'ania mwendo wa tambarare anaungua. Aliyezoea mapigo yake ya mbio ndefu anafupisha hatua, anawaacha wanaompita wampite, na anafika juu akiwa na miguu ya kushukia.