Kitufe Chini ya Dashibodi Si Matengenezo

Mwenye Volkswagen Beetle ya zamani akilalamika kwamba gari haliwaki mpaka ufunguo utikiswe, aghalabu fundi humtobolea dashibodi na kumfungia kitufe cha kubonyeza ili kuwasha injini. Gari langu la mwaka 1972 nililinunua likiwa tayari na kitufe cha aina hiyo, tena kimeungwa moja kwa moja na betri, kiasi kwamba mtoto akikibonyeza gari likiwa kwenye gia, linaruka mbele hata kama ufunguo uko mfukoni mwangu. Nilikivumilia miezi minane, na sijawahi kukubali kwamba yale yalikuwa matengenezo.

Swichi ya ufunguo katika gari hili ina sehemu mbili. Ya kwanza ni silinda, ambayo hupokea ufunguo na kufunga usukani. Nyuma yake kuna kipande cha plastiki chenye shaba zinazogusana, nacho ndicho kinachopitisha umeme. Mara nyingi kinachochoka ni hicho cha nyuma, kwa hiyo anayeng'oa kila kitu pamoja na silinda huishia kutembea na ufunguo mmoja wa mlango na mwingine wa kuwashia bila sababu yoyote.

Kwa nini kichoke? Betri ya Beetle imekaa chini ya kiti cha nyuma, na stata, yaani mota inayoizungusha injini ili iwake, iko nyuma vilevile, kando ya giaboksi, lakini umeme wa kuiamsha husafiri kwanza hadi mbele, hupita katika shaba hizo ndogo, kisha hurudi nyuma kuvuta solenoidi, swichi ya sumaku iliyo juu ya stata. Hakuna rilei katikati, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa kwa amri ya umeme mdogo, na solenoidi inapovuta hula makumi ya ampia. Baada ya miaka hamsini shaba zimeungua na kuwa nyeusi.

Hata hivyo, usikimbilie dukani kabla ya kupima. Mimi niliweka mita kwenye ncha namba 50 ya stata, ile inayopokea umeme kutoka kwenye swichi, huku mwanangu akizungusha ufunguo: betri ikiwa imetulia ilikuwa na volti 12.5, ilhali ncha ile ilipata 8 tu, na stata ikatoa mlio mmoja mkavu na kunyamaza. Nilipounga kwa waya mfupi ncha ya 30, inayoleta umeme wa betri, na ya 50, inayoupeleka kwenye stata, nyuma ya swichi, volti zilipanda hadi 10 na nusu na injini ikazunguka. Kama zisingepanda, kosa lingekuwa kwenye waya au betri, na swichi mpya isingesaidia kitu.

Kufunga chenyewe hakuhitaji haraka. Chomoa kwanza waya hasi wa betri, kisha utoe usukani. Waya hazina fumbo: mwekundu ni 30, wenye umeme wakati wote, mweusi ni 15, unaolisha koili inayotengeneza umeme wa plagi, mwekundu wenye mstari mweusi ni 50, wa stata. Jambo linalowashinda wengi ni ulimi mwembamba ulio mwishoni mwa silinda, ambao lazima ulingane na mfereji wa swichi mpya kabla ya kusukuma. Ukilazimisha, plastiki hupasuka. Baada ya kuunga, zungusha ufunguo mara kadhaa usukani ukiwa bado umetolewa, uhakikishe kwamba unarudi wenyewe kutoka kwenye stata na kwamba kufuli la usukani halichomozi wakati ufunguo uko mahali pa kuwashia. Kufuli likikamata njiani, utagonga mti.

Wapo watakaosema kwamba rilei nayo ni ujanja kama kitufe. Sikubaliani nao. Rilei iliyofungwa karibu na stata bado hutii ufunguo, ila huipunguzia swichi mzigo, nami niliiongeza siku hiyohiyo. Nilipokuwa nimeinua kiti cha nyuma niliona pia kwamba kifuniko cha betri kilikwisha kupotea zamani, na springi za kiti zilikuwa zimeacha alama kwenye ncha ya chanya. Abiria mnene angetosha kuliteketeza gari zima, kwa hiyo nilikata kipande cha mpira mgumu nikafunika hapo kabla ya kurudisha kiti.

Tundu la kitufe limebaki kwenye dashibodi. Nimeliziba kwa plastiki nyeusi, na kila anayepanda mara ya kwanza huligusa na kuuliza lilikuwa la nini.