Turubai Likishakunjwa

Mama alifariki alfajiri ya Jumatano, alasiri tukamzika. Jumamosi baada ya hitma watu walianua tanga, vijana wakakunja turubai, viti vya kukodi vikapakiwa kwenye guta. Kufika magharibi, uani kwetu Tandika palibaki majivu ya mafiga na mimi. Jumatatu nilikuwa kazini Kariakoo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa aliyefiwa na mzazi siku zisizopungua 4 zenye malipo, na mwajiri wangu hakunipunja hata moja.

Miezi miwili baadaye, ndani ya daladala, moyo ulianza kunienda mbio. Jasho, vidole ganzi, pumzi haishuki. Niliamini nakufa. Nikashuka Chang'ombe, nikakaa chini pembeni ya barabara. Hospitali walipima malaria, hakuna. Presha ya kawaida. Moyo ukapimwa kwa mashine, mzima. Wa kwanza kuniona aliandika vidonge vya usingizi, akasema, "Punguza stresi, dada." Siku nyingine nilikutana na daktari mama mtu mzima. Yeye aliniuliza kitu kimoja kabla ya vyote: "Mwanangu, umefiwa karibuni?" Nililia mpaka akafunga mlango.

Tangu siku hiyo silipendi neno stresi. Tumelifanya kapu la kutupia kila kitu, na kinachotupwa humo hakiangaliwi tena. Kodi ya miezi sita na ada za watoto zikikuangukia mwezi mmoja, huo kweli ni msongo: una chanzo unachoweza kukitaja, na mzigo ukipungua, nawe unapumua. Wasiwasi ni mwingine. Mwili unapiga kengele ya hatari wakati hatari haipo, ndiyo maana moyo wangu ulikimbia nami nimeketi kwenye siti. Na majonzi ya msiba si ugonjwa kabisa. Ni mapenzi ambayo mwenyewe hayupo kuyapokea. Lakini majonzi yakikosa pa kutokea huweza kuvaa nguo za wasiwasi, na hapo ndipo nilipokuwa mimi.

Wengine walinitumia zile "hatua tano za majonzi", eti nikishamaliza hasira nitafika kwenye kukubali. Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili, alipoziandika mwaka 1969 alikuwa akizungumzia wagonjwa wanaokikabili kifo chao wenyewe. Hakuwa akimpangia mfiwa ngazi za kupanda. Mimi nilikubali asubuhi na kukataa jioni, kwa miezi.

Mjane wa Kiislamu ana eda, miezi 4 na siku 10, na mtaa mzima unajua yumo katika msiba. Mtoto wa marehemu hana muda kama huo. Anaambiwa kazi ya Mungu haina makosa, ajikaze. Sipingani na imani hiyo, ni yangu pia. Ninachopinga ni kuitumia kumnyamazisha mtu.

Kuna majonzi yanayohitaji tabibu. Shirika la Afya Duniani sasa linatambua majonzi yaliyopitiliza, yanayodumu zaidi ya miezi 6 na kumzuia mtu kuishi maisha yake. Na anayewaza kujiua asisubiri hata usiku mmoja, apelekwe hospitali. Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Watu wanaogopa kuingia kwa sababu mtaani tumeligeuza jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma, kuwa tusi. Inaniuma, maana najua ni wangapi wamebaki nyumbani kwa kuogopa jina tu.

Mimi nilisaidiwa na yule daktari, na pia na bibi jirani anayeuza vitumbua. Arobaini ilishapita, simu za pole zilishakoma, yeye akaja na sahani imefunikwa kawa. Hakunipa pole. Akaniuliza, "Hivi mama yako chai alikuwa anaipenda na iliki au na tangawizi?" Tulikaa mpaka adhana ya isha.

Kesho naenda Buza. Mwenzangu wa kazini alifiwa na mumewe Februari, na nasikia hakuna anayepita tena. Nabeba samaki wa kukaanga. Nitamuuliza mumewe alikuwa anapenda kipande gani.