Kidari Hakimsubiri Mhudumu: Kaunta au Meza katika Babekyu ya Kansas City

Mama mmoja wa Uvira, Kongo, jirani yetu huku mtaa wa Northeast, Kansas City, Marekani, alipopewa kipande cha kidari kwa mara ya kwanza alikinusa, akakitafuna polepole, kisha akasema: "Hii si ya kuchoma. Hii ni ya moshi, kama samaki wetu."

Hapo alimaliza jambo ambalo wengi wetu tulichelewa kulielewa. Ukisikia "babekyu" akili inakimbilia nyama choma: makaa, moto wa karibu, mbuzi anapanda saa sita na saa nane kasoro mnakula. Babekyu ya mji huu ni ndugu wa kubanika. Nyama inakaa mbali na moto, kuni za hickory (mti mgumu wa huku) au mwaloni zinatoa moshi, na kidari cha ng'ombe kinaweza kulala jikoni kwa muda wa saa 12 au zaidi kwenye joto la nyuzi 110 hadi 120 hivi za Selsiasi. Kidari ni nyama ngumu, imejaa nyuzi zinazogoma kulainika mpaka joto la ndani likaribie nyuzi 93, na katikati ya safari hiyo kinatoa jasho, kinajipoza chenyewe, joto linasimama palepale kwa saa kadhaa. Mpishi asiye na subira hukikatia tamaa hapo.

Akija mgeni, ubishi huwa ni mmoja: tumpeleke wapi? Kuna mikahawa ya kaunta, unapanga foleni, unaagiza, unabeba trei yako na kutafuta kiti. Kuna mikahawa ya mezani, unaweka nafasi mapema, unaongozwa hadi kwenye kiti, mhudumu analeta menyu na mwishoni bili. Mimi ni mtu wa kaunta. Ila hoja za upande wa pili si za kupuuza, na moja kati ya hizo ilinishinda kabisa.

Kaunta ndiyo iliyokizaa chakula hiki. Henry Perry, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa karibu na Memphis na kujifunza upishi kwenye meli za mtoni, alifika hapa mwaka 1907. Mwaka uliofuata akaanza kuuza nyama ya moshi kwenye kichochoro katikati ya mji, akiifunga kwa karatasi za magazeti, ubavu mzima kwa senti 25. Alipofariki mwaka 1940 kazi ikashikwa na Charlie Bryant, na mwaka 1946 ikaja kwa ndugu yake, Arthur. Mwaka huohuo George na Arzelia Gates walinunua mkahawa wao, na jikoni kwao akawapo Arthur Pinkard, aliyewahi kufanya kazi kwa Perry. Mizizi ya majina haya mawili makubwa, Bryant na Gates, ni mtu mmoja aliyeuzia watu kichochoroni.

Kwa Bryant, makutano ya 18 na Brooklyn, meza ni za kawaida kabisa. Hapo alikula Harry Truman, aliyewahi kuwa rais wa Marekani, na Julai 2014 Rais Barack Obama aliketi hapo na wananchi wanne waliokuwa wamemwandikia barua. Kinachofanya watu warudi kiko mbele ya macho yako: kisu kinashuka, nyama inarundikwa juu ya slesi ya mkate mweupe, inafuata slesi nyingine, matango ya achari pembeni. Kwa Gates hujafunga mlango vizuri ushapigiwa sauti ikuulize unataka nini. Mgeni hushtuka, akadhani anafokewa. Ndivyo wanavyokaribisha.

Mlaji wa nyama choma anaielewa kaunta bila kufundishwa. Kwetu unaingia buchani, unaonyesha paja kwa kidole, linapimwa mbele yako. Imani inajengwa na jicho. Kaunta ya Kansas City haikuachii kuchagua nyama mbichi, lakini unaona inapokatwa, na ukisema unataka upande wenye mafuta unakatiwa huo huo.

Halafu kuna nyongeza. Kila aliyenunua ndizi au maharage sokoni anajua maana yake. Hapa nyongeza ilikuwa vipande vya ncha ya kidari, vile vilivyoungua na kukauka, ambavyo mkataji alivisukuma pembeni na waliokuwa kwenye foleni wakavidokoa bure. Mwaka 1972 Calvin Trillin, mwandishi mzaliwa wa mji huu, alivisifu mno, sambamba na kutangaza kwamba mkahawa wa Bryant ndio bora kuliko yote duniani. Leo vinaitwa burnt ends, vina nafasi yao kwenye menyu, na bei yake si ya kitoto. Mezani unaletewa kwenye sahani nzuri. Nyongeza imegeuka bidhaa, na hilo linaniuma hata ninapovifurahia.

Sasa upande wa pili. Kaunta inamtaka mtu awe anajua. Foleni iko nyuma yako, mkataji anasubiri, na mgeni aliyetua juzi na Kiingereza cha kubahatisha anaishia kuagiza alichoagiza aliyemtangulia. Kwa Waislamu, na tuko wengi miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili hapa, shida ni kubwa zaidi. Nguruwe na ng'ombe mara nyingi wanashiriki jiko moja, ubao mmoja, kisu kimoja. Maharage ya babekyu hupikwa na nyama au mafuta yake yaliyodondoka, na chipsi za Bryant zilijipatia sifa kwa kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Maswali ya namna hiyo hayaulizwi vizuri ukiwa umesukumwa na foleni. Mezani mhudumu ana muda, anaweza kwenda jikoni na kurudi na jibu. Mkahawa kama Jack Stack unakupa hata mbavu za kondoo, kitu adimu kwenye babekyu. Suala la uchinjaji linabaki palepale, lakini walau mtu anajua anakula mnyama gani.

Hoja iliyonishinda ni ya wazazi. Nilimpeleka mzee mmoja, mgeni wetu kutoka Tanga, kwenye kaunta yenye foleni ya dakika arobaini. Alisimama kimya bila kulalamika, mkono kwenye goti. Nyama ilikuwa nzuri. Nilipomwona anatafuta pa kukaa, trei mkononi, niliona haya. Mgeni wa heshima hasimamishwi. Siku ile meza, kiti na mtu wa kumletea maji vingekuwa na thamani kuliko kidari chochote.

Lakini meza ina ugonjwa wake, nao unatoka kwenye nyama yenyewe. Kidari kizima kilichofungwa karatasi kinatulia saa kadhaa bila kuharibika. Kikishakatwa, hesabu inaanza: slesi inatoa unyevu, mafuta yanaganda, ndani ya dakika kumi rangi inakuwa ya kijivu. Mezani kuna safari kutoka ubaoni hadi kwenye sahani, kutoka sahani hadi kwa mhudumu ambaye ana meza nyingine tano. Kwenye mkahawa mmoja wa aina hiyo nililetewa kidari kikavu chini ya sosi nyingi tamu, na nilijua sosi imewekwa kuficha. Mbavu zinavumilia safari hiyo. Kidari hakivumilii.

Bei nayo isemwe kwa haki. Ratili moja ya kidari, gramu 450 hivi, si ajabu kuikuta inapita dola 25, kwenye kaunta pia. Kidari hupoteza karibu nusu ya uzito wake kati ya kupunguzwa mafuta na kutoka jikoni, na mwanzoni mwa 2025 ng'ombe wa Marekani walihesabiwa milioni 86.7, idadi ndogo kuliko zote tangu 1951. Anayesema wenye mikahawa ni wanyang'anyi hajanunua kidari kibichi hivi karibuni. Tofauti ya mezani ni ile asilimia 18 au 20 ya bakshishi juu yake, na kwa familia ya watu sita hiyo ni hela ya chakula kingine.

Lipo jingine ambalo menyu haisemi. Barabara ya Troost kwa miongo mingi ndiyo iliyokuwa mpaka wa Weusi na Wazungu katika mji huu. Kaunta ya Bryant iko mashariki yake, na meza zinazosifiwa sana siku hizi, Jack Stack ya eneo la Plaza na mkahawa wa Q39, ziko magharibi. Najua mambo hayajagawanyika sawasawa hivyo, maana kaunta maarufu ya mkahawa wa Joe's iko ndani ya sheli upande wa jimbo la Kansas. Na mikahawa ya mezani inapika kwa bidii, siidharau. Ila mgeni anayekula magharibi tu ataondoka bila kuona mtaa uliomlisha mji, na ningependa auone.

Tangu siku ya yule mzee nimebadilisha utaratibu. Naenda kaunta mwenyewe saa tano asubuhi kabla ya foleni, namwomba mkataji anipe kipande kizima cha kidari asikikate, akifunge vizuri kwa karatasi. Nyumbani kuna kachumbari, ugali na viti vya kutosha. Kisu kinashuka wote wakiwa wameshanawa, na ncha zilizoungua anapewa mkubwa wa meza.