Mshono wa sindano mbili

Chukua vipande viwili vya ngozi, uvibane pamoja, kisha utoboe matundu kwa msharasi, moja baada ya jingine, kwa nafasi zinazolingana. Paka uzi wa kitani nta ya nyuki, utunge sindano katika kila ncha ya uzi huohuo mmoja. Sasa shona. Sindano ya kulia ipite tunduni kwenda kushoto, ya kushoto ipite tundu lilelile kwenda kulia, halafu vuta kwa mikono yote miwili kwa pamoja mpaka uzi ukae. Huo ndio mshono wa matandiko ya farasi. Cherehani hutumia nyuzi mbili, wa juu na wa chini, zinazokamatana katikati ya kitambaa. Ukikatika mmoja, kazi yote huanza kufumuka. Mshono wa sindano mbili ukikatika mahali pamoja, mishono ya jirani hubaki imeshika.

Niliwahi kujaribu kushona hivyo kwenye mkanda wa ngozi. Sentimita kumi za kwanza zilinila karibu saa nzima, na nilipougeuza mkanda nikakuta upande mmoja mishono imelala vizuri, upande wa pili imekaa shaghalabaghala. Kosa lilikuwa dogo: kwenye matundu mengine nilitanguliza sindano ya kulia, kwenye mengine ya kushoto. Fundi aliyekomaa hufuata mpangilio uleule kwenye mamia ya matundu bila kuupoteza. Tangu siku ile, nikiona mkoba wa Hermès, nyumba ya mitindo ya Paris, nyuma ya kioo, huinama kuangalia mshono kabla sijaangalia kitu kingine chochote.

Kwa sababu mshono ule una historia ya hofu ndani yake. Thierry Hermès, mzaliwa wa Krefeld, alifungua karakana yake Paris mwaka 1837 kutengeneza vifaa vya kufungia farasi kwenye magari. Hatamu ikikatika barabarani farasi akiwa mbioni, watu wanaumia, na wengine wanakufa. Mteja aliyefika pale hakuwa anatafuta pambo. Alikuwa anatafuta kitu ambacho hakitamwangusha. Baadaye motokaa zikaja, farasi wakaondoka barabarani, na kwa hesabu ya kawaida biashara ile ilipaswa kufa nao. Émile-Maurice, mjukuu wa mwanzilishi, akauhamishia mshono wa hatamu kwenye mikoba na mabegi ya safari. Akaleta pia zipu kutoka Amerika ya Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 1920, akapata haki ya kuitumia peke yake Ufaransa. Skafu ya hariri ya sentimita 90 kwa 90 ilikuja 1937, karne moja kamili baada ya karakana kufunguliwa, na mpaka leo michoro mingi ya skafu zile imejaa farasi, matandiko na lijamu.

Sasa nisemapo kwamba nyumba hizi kongwe za mitindo zinanivuta, watu hunijibu haraka: unavutwa na jina. Nimelifikiria jibu hilo muda mrefu na nimelikataa. Kinachonivuta ni kwamba kitu chao kina mwenyewe. Yaani kuna mtu wa kuuliza. Kuna mlango wa kugonga miaka thelathini baadaye, ukasema, “Hiki ni chenu, kimeachia hapa,” na aliye ndani akakitambua.

Nilijifunza thamani ya jambo hilo kwa njia mbaya. Niliwahi kununua begi la chapa moja changa iliyosifika sana. Miezi minne baadaye mpini uling'oka, na nilipochungulia ndani ya bitana nikakuta ngozi imegundishwa kwa gundi tu, na juu yake mstari mmoja wa cherehani wa kupendezesha macho. Niliwaandikia. Walinijibu kwa upole kwamba toleo lile limeisha, hawalitengenezi tena, na wakanipa punguzo ninunue jingine. Ilinikera sana, na mpaka leo inanikera, kwamba miezi minne tu ilitosha kwa begi kuwa yatima.

Linganisha na Louis Vuitton. Hapa nasema juu ya mtu mwenyewe, kabla hajawa herufi mbili kwenye turubai. Alitoka kijijini kwao Anchay, kwenye milima ya Jura, akiwa na miaka 13, akatembea kwa miguu zaidi ya kilomita 400 kuelekea Paris, akifanya vibarua njiani, na akafika 1837, mwaka uleule Hermès anafungua karakana yake. Alianza kama mwanafunzi wa fundi masanduku. Kazi hiyo siku zile ilikuwa pamoja na kwenda nyumbani kwa mteja kumfungashia nguo, na magauni ya enzi hizo yalikuwa mapana kama hema, kwa hiyo kuyafungasha yasikunjamane ulikuwa ufundi kamili. Alifungua duka lake 1854. Mwaka 1858 akatoa sanduku lenye kifuniko bapa, lililovikwa turubai ya kijivu. Masanduku ya kabla yake yalikuwa na mgongo wa mviringo ili maji ya mvua yatiririke, lakini huwezi kuyapanga moja juu ya jingine kwenye behewa la garimoshi au ndani ya meli. Kwa vile turubai yake ilizuia maji, mgongo haukuwa na kazi tena, naye akaunyoosha.

Kinachonigusa zaidi lakini ni kitasa. Kuanzia 1886, yeye na mwanawe Georges walitengeneza kitasa ambacho kila mteja alipewa namba yake, ikaandikwa kwenye daftari, na ufunguo mmoja ukafungua masanduku yake yote, hata atakayonunua baadaye. Mnunuzi anaondoka, namba yake inabaki. Nikitafuta mfano wa kitu chenye mwenyewe, sipati ulio wazi kuliko daftari lile. Michoro maarufu ya turubai, ile ya miraba kama ubao wa dama ya 1888 na ile ya herufi ya 1896, ilikuja kwa sababu hiyohiyo: waigaji walikuwa wengi, na nyumba ilitaka kazi yake itambulike kwa mbali. Leo alama zile ndizo waigaji wanazoiga kwanza. Hilo linanisikitisha kidogo.

Umri peke yake hauokoi mtu. Charles Frederick Worth, Mwingereza aliyefungua nyumba yake Paris mwaka 1858, ndiye aliyezoesha ulimwengu wazo la mbunifu kushona jina lake ndani ya gauni kama mchoraji anavyosaini picha. Kabla yake, mshonaji alifuata maagizo ya bibi mwenye nguo. Worth ndiye aliyeamua nini kivaliwe. Nyumba hiyo, iliyowafundisha wengine wote, ilifungwa 1956. Paul Poiret, aliyewatoa wanawake kwenye vibano vya kiuno, alifunga 1929 na akafa maskini 1944. Wote wawili walikuwa na kipaji kisichopingika. Kwa hiyo tunapoitazama nyumba iliyovuka miaka mia, tunatazama iliyosalia kati ya nyingi.

Chanel ni kisa kigumu, na sitaki kukipitia juu juu. Gabrielle Chanel alianza na duka la kofia mtaa wa rue Cambon namba 21, Paris, mwaka 1910. Alichukua jezi, kitambaa laini kilichotumika kwa nguo za ndani za wanaume, akaishonea wanawake nguo za kutembelea. Alifunga nyumba yake ya mavazi vita vilipoanza 1939, akarudi 1954 akiwa na miaka 70, na magazeti ya Paris yakampokea kwa baridi. Mwaka uliofuata, Februari 1955, akatoa mkoba wenye cheni ya begani, ili mikono ya mwanamke iwe huru. Na koti lake: likunjue pindo la chini kwa ndani utakuta cheni nyembamba imeshonwa kuzunguka bitana. Haionekani mtu akilivaa. Kazi yake ni uzito, koti liangukie vizuri mwilini na lirudi mahali pake mvaaji akiinua mkono na kuushusha. Cheni ile iliyofichwa naipenda kuliko alama yoyote inayong'aa kwa nje.

Lakini mwanamke huyohuyo, wakati wa vita, aliishi Paris iliyotekwa akiwa na uhusiano na ofisa wa Kijerumani, na akajaribu kuzitumia sheria za kibaguzi dhidi ya Wayahudi ili aitwae kampuni ya manukato mikononi mwa akina Wertheimer, wabia wake Wayahudi. Hakufaulu. Baada ya vita ni haohao akina Wertheimer waliogharimia kurudi kwake, na mpaka leo nyumba ni mali ya familia yao. Naamini nyumba inayojivunia umri wake inawajibika kuusimulia wote. Hugo Boss, iliyoanzishwa 1924 na kushona sare za Wanazi, iligharimia utafiti wa historia yake na mwaka 2011 ikaomba radhi hadharani. Kama duka lina mwenyewe kwa sifa, liwe naye kwa aibu pia.

Na aibu haziko zamani tu. Burberry ya Uingereza ilianza 1856, na Thomas Burberry alipobuni gabadini mwaka 1879, hila yake ilikuwa kuutia uzi kinga ya maji kabla haujafumwa, kitambaa kikawa kinazuia mvua na bado kinapumua. Mpelelezi Ernest Shackleton alivaa gabadini akielekea ncha ya Kusini. Ni nguo iliyozaliwa kwa ajili ya hali mbaya ya hewa. Basi fikiria nilivyosoma kwamba kampuni hiyo, katika mwaka mmoja wa fedha ulioishia 2018, iliteketeza bidhaa zake zenye thamani ya pauni milioni 28.6 zisije zikauzwa rahisi. Iliacha mwaka huohuo baada ya kelele za watu. Wakati mwingine kelele husaidia.

Loro Piana, wafumaji wa sufu tangu 1924, Julai 2025 waliwekwa na mahakama ya Milan chini ya usimamizi wa mwaka mmoja, kwa kushindwa kuusimamia mlolongo wa wakandarasi ambao mwishoni mwake wafanyakazi walikuwa wakinyonywa. Habari hii iliniuma kuliko ya moto. Kazi ikipewa mtu, naye akampa mwingine, na yule akampa mwingine tena, koti linafika dukani hakuna anayemjua aliyelishona. Hapo mnunuzi amelipia kitu chenye mwenyewe akapewa kisicho naye, na hata kama sufu ni ileile ya zamani, kwangu mimi ameibiwa.

Ndiyo maana naangalia sana nani anamiliki nini. Mwaka 2010 ilipojulikana kwamba LVMH, kundi linalomiliki Louis Vuitton, ilikuwa imekusanya hisa za Hermès kimyakimya, warithi zaidi ya hamsini waliunganisha hisa zao, zaidi ya nusu ya kampuni, kwenye mfuko mmoja na kuahidi kutoziuza kwa angalau miaka 20. Ungetegemea ukoo mkubwa namna ile, wenye utajiri mezani, ugombane. Gucci ya Florence, iliyoanzishwa 1921, iligombaniwa na familia mpaka ikawatoka kabisa mikononi kufikia 1993. Chanel nayo imekuwa ikinunua karakana zilizokuwa karibu kufa: watengeneza vifungo wa Desrues, mafundi wa manyoya ya ndege wa Lemarié iliyoanza 1880, wadarizi wa Lesage. Karakana hizo bado hushonea hata nyumba shindani. Bila mikono ile, majina yote haya yangebaki vibao vya mlangoni.

Julai 2025 kulikuwa na mnada Paris ambao niliufuatilia kwa karibu. Uliuzwa mkoba wa kwanza kabisa wa Birkin, ule Hermès waliomtengenezea Jane Birkin, mwigizaji na mwimbaji, baada ya kukaa ndegeni pamoja na Jean-Louis Dumas, mkuu wa nyumba, na kumlalamikia kwamba hapati mkoba unaotosha vitu vya mama mwenye mtoto mdogo. Bei ilifika euro milioni 8.6, na magazeti yote yakaandika bei. Mimi nilikuza picha. Ngozi nyeusi imekwaruzika, kwenye kifuniko kuna herufi J.B., na juu ya ngozi zimebaki alama za vibandiko vya mashirika ya misaada alivyovibandika mwenyewe, kama mtu anavyobandika kwenye daftari la shule. Kando kinaning'inia kikata kucha. Alikuwa akiutumia kila siku. Nikakuza tena, mpaka kwenye mshono wa mpini, na mishono yote bado imelala sawasawa.