Acheni kukimbilia a e i o u kwenye Wordle

Jamani mi nasema hili neno ADIEU la kuanzia ndo linalotuponza, na nasema nikiwa nimelitumia karibu miezi minne, kila asubuhi na chai yangu. Kwa ambao hamchezi Wordle: kuna neno la Kiingereza la herufi tano limefichwa, unapewa nafasi sita za kubahatisha, herufi iliyokaa mahali pake inakuwa kijani, iliyomo ila umeiweka siko inakuwa njano, isiyokuwemo kijivu. Neno ni lilelile kwa wote siku hiyo na linabadilika saa sita ya usiku ya hapo ulipo, ndo maana binamu yangu wa Muscat anatutangulia saa nzima sisi wa Dar, siku yetu haijaanza yeye keshatupia viboksi vyake vya rangi vya matokeo kwenye grupu la familia na kejeli juu, "amkeni wazee".

Sasa ADIEU inavutia kwa sababu ina irabu nne kwa mkupuo, imebaki o tu. Na sisi tuliofundishwa kusoma kwa ba be bi bo bu tunaona hapo ndo pa kuanzia. Angalia maneno yetu ya herufi tano: mkate, ngoma, nyama, pweza, samli, yote yameishia kwenye irabu. Hata tukikopa neno la watu hatuliachi hivihivi, tunalivisha mkia: kadi, benki, shati. Kwa hiyo kichwani mwako tayari unaamini ukizijua irabu neno umeshalipata.

Kiingereza hakiko hivyo hata kidogo. Orodha ya mwanzo ya majibu ya Wordle ilikuwa na maneno 2,315 na watu walishahesabu herufi zake. E inaongoza, A inafuata, hapo sawa, ila ya tatu ni R. I imepitwa na R, O, T na L, na U yetu iko chini hata ya S, N na C. Yani ukitupa ADIEU umechoma nafasi nzima na umebaki na A ya njano na E ya njano, na maneno yenye hizo mbili ni mamia, umejua nini sasa? Saivi naanza na SLATE na sirudi nyuma.

Na kuna siku unakutana na ukoo wa NYMPH, CRYPT, GLYPH, LYNCH, PYGMY. Herufi tano, a hakuna, e hakuna, hakuna kitu, kazi yote inafanywa na y, ambayo kwetu sisi ni konsonanti na yamekwisha. Siku hiyo ADIEU yako inarudi kijivu mwanzo mpaka mwisho na unakaa unajiuliza kama simu imeharibika.

Lakini kilichonimaliza mimi ni maneno yanayoishia na OUND. Nilikuwa na siku 87 mfululizo za kushinda. ADIEU ikanipa D na U za njano, nikaweka SOUND, nne za mwisho kijani, nikacheka mwenyewe jikoni. Nikaenda FOUND, ROUND, POUND, BOUND. Kwisha habari. Nilikuwa nimebakiza HOUND, MOUND na WOUND, jibu lilikuwa mojawapo na silitaji. Kosa langu ni kwamba nilikuwa napima herufi moja moja wakati nina nafasi nne. Ukishaona familia kubwa hivyo unaacha kutafuta jibu, unaweka neno ambalo unajua kabisa siyo lenyewe, kama FRUMP, hapo kwa mpigo mmoja umepima F, R, M na P. Zikikataa zote zimebaki B, H na W, unaweka WHALE: W ikiwa kijani ni WOUND, H ikiwa njano ni HOUND, kimya basi ni BOUND. Umemaliza kwa nafasi ya tano bila jasho. Labda uwe umewasha ile hali ngumu inayokulazimisha kubaki na herufi ulizopata, huko hutoki, na mi sioni sababu ya mtu kujitesa hivyo. Dawa hiyohiyo ndo ya wale wa IGHT, kina FIGHT, LIGHT, MIGHT, NIGHT, RIGHT, na wale wa ATCH.

Kuna watu wanacheza huku wamefungua orodha za maneno ya herufi tano pembeni. Mi orodha naisoma baada ya kupigwa, siyo kabla, na hapo ndo imenifundisha Kiingereza kuliko darasa lolote. Weka BOUGH, COUGH, DOUGH, ROUGH na TOUGH kwenye mstari mmoja. Herufi nne za mwisho ni zilezile, halafu ya kwanza ni bau, ya pili kof, ya tatu dou, mbili za mwisho raf na taf. Mwalimu alitupa adhabu kwa kusoma vibaya vitu ambavyo wenyewe hawajakubaliana!

Wala usihangaike kukariri misamiati ya ajabu ya kamusi. Josh Wardle aliutengeneza huu mchezo kwa ajili ya mpenzi wake, Palak Shah, na huyo dada ndo aliyepita kwenye maneno kama 12,000 akabakiza kama 2,500 anayoyajua. Kwa hiyo orodha ya mwanzo ilikuwa ni maneno ambayo mtu mmoja wa New York aliyatambua. Ndo maana tarehe 12 Januari 2022 jibu lilikuwa FAVOR, na Februari ikaja HUMOR, sisi tuliosomeshwa kwa tahajia ya Uingereza maneno hayo yana herufi sita na ukiandika tano unakatwa maksi. Niliposikia stori ya siku hiyo ya FAVOR nilikasirika kana kwamba nilikuwepo.

Leo nimepata kwa tatu. Binamu kapata kwa mbili, na bado anaanza na ADIEU, nimeshindwa hata kumjibu.